Gari la Kasi kwa Bei ya Kutupa

Mtu apitaye mbele ya yadi za magari hapa Mombasa, ziwe zile za mjini au zile zilizojipanga kandokando ya barabara kuu iendayo Nairobi, hatakosa kuona kundi la vijana wamelizunguka gari moja lenye tundu la kuingizia hewa juu ya boneti na bawa juu ya buti. Aghalabu gari hilo huwa Subaru Impreza ya aina ya WRX. Vijana hao huinua boneti, humwomba mwenye yadi aliwashe wasikie mlio wake, kisha huulizana swali ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu leo. Je, ni heri mtu adunduize fedha miaka miwili mitatu ili anunue gari la namna hiyo lililo katika hali njema, au alichukue sasa hivi lile la bei nafuu lililosimama pembeni, halafu alitengeneze kidogo kidogo?

Jibu letu ni kwamba anunue lililo katika hali njema, au asinunue gari la aina hiyo kabisa. Tunajua kwamba rai hii haitawapendeza wengi, na tunajua pia kwamba wako watakaouliza kwa nini gazeti liache habari za bei ya unga na karo za shule likajishughulishe na magari ya mbio. Tungewajibu kwamba karo hiyo hiyo ndiyo mara nyingi inayogeuka gasketi na pistoni. Fedha zinazonunulia magari haya ni akiba ya chama cha ushirika, au ni kiinua mgongo cha mzee aliyestaafu, au ni mkopo ambao ndugu watatu wameuwekea dhamana. Na barabara yanakokimbizwa magari hayo ni ile ile tunayoitumia sote, pamoja na watoto wetu waendao shule kwa miguu.

Mapenzi ya watu wetu kwa gari hili hayakuzuka hivi hivi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi Pasaka katika Afrika Mashariki ilikuwa ni kusimama kando ya barabara na kumeza vumbi kwa furaha. Wazee wetu waliishangilia Peugeot 404, kisha wakaishangilia Datsun. Impreza WRX ilitoka kiwandani Japani mwaka 1992, ikiwa gari dogo la uzito wa kama tani moja na robo lililotiwa injini ya nguvu za farasi 240. Subaru ikatwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1995, 1996 na 1997. Na mwaka huo wa 1997 Colin McRae wa Scotland aliishinda Safari yenyewe akiwa ndani ya Impreza. Safari ilipoondoka katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, jina la Subaru halikufutika vinywani mwa watu, na iliporejea mwaka 2021 kule Naivasha watazamaji wengi walikwenda huko kwa Subaru zao. Kwa hiyo kijana anayelitamani gari hili anatamani kitu ambacho baba yake alikipigia makofi. Hatumcheki. Tunachotaka ni ajue anachokinunua.

Jambo la kwanza ambalo wanunuzi wengi hawalipigi darubini ni kwamba soko letu la magari haya ni masoko mawili. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini gari ambalo umri wake umezidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba Impreza ya mwaka 2004 au 2005 inayoonekana leo yadini, hata kama imepakwa rangi ikang'aa kama kioo, haikushuka melini juzi wala mwaka jana. Iliingia zaidi ya miaka kumi iliyopita, na tangu wakati huo imepita katika mikono ya watu wawili, watatu au zaidi, katika barabara zetu, kwa petroli yetu na kwa mafundi wetu. Wako waliolitunza gari kama mboni ya jicho. Wako pia waliolinunua ili kushindana usiku, wakalichezea kompyuta ya injini, na walipoona limeanza kuchoka wakampelekea dalali. Lile lililotunzwa na lile lililoteswa husimama yadini bega kwa bega, na kwa macho ya mtu asiye fundi yanafanana. Tofauti inayoonekana ni ya bei peke yake. Ndipo mnunuzi anapojiona mwerevu kwa kuchagua la bei ya chini.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na katika magari ya aina hii rahisi huvunja zaidi ya upishi. Tueleze sababu, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha jambo.

Injini ya WRX ya miaka hiyo ina silinda nne zilizolala ubavu, mbili kushoto na mbili kulia, na ina turbo. Turbo ni gurudumu dogo linalozungushwa na moshi utokao katika injini, nalo huzungusha jingine linalosukuma hewa kwa nguvu kurudi ndani ya silinda. Likiwa kazini huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinacholizuia lisijisage ni utando mwembamba wa oili. Oili ikiwa chafu, au ikipungua, au ikiwa ya bei ya chini isiyostahimili joto, utando huo hukatika, na gurudumu lile huanza kula vyuma vilivyolibeba. Oili hiyo hiyo ndiyo inayozilinda beringi za kranki. Zikishakwaruzika, mlio hubadilika, na mafundi husema injini imenoki. Gari la kawaida la kwendea sokoni likicheleweshewa oili kwa mwezi mmoja hunung'unika na kuendelea. Hili halinung'uniki. Hukaa kimya mpaka siku linapokufa, na siku hiyo huwa ni mbali na nyumbani, pengine baina ya Voi na Mtito Andei usiku wa manane.

Kuna pia mkanda wa taimingi. Watengenezaji waliagiza ubadilishwe kila kilometa 100,000. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu hugongana na pistoni, na kazi ambayo ingemalizika gerejini kwa siku moja hugeuka kuwa kutafuta injini nyingine. Mwenye gari anayejua kwamba atauza baada ya miezi mitatu ana sababu gani ya kubadilisha mkanda? Hana. Humwachia mnunuzi. Na mnunuzi naye, akikuta mita ya gari inaonyesha kilometa 98,000, hufurahi kwamba haijafika laki, bila ya kujiuliza kama mita hiyo imesema kweli.

Petroli nayo ina neno lake. Magari haya yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yalipangwa kutumia petroli ya daraja la juu, ambayo huko huwa na oktani karibu 100, kiwango ambacho pampu zetu nyingi hazikifikii. Injini iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani ina vifaa vya kusikia petroli inapowaka kabla ya wakati wake, na kompyuta yake huipunguzia ukali ili isijiumize. Lakini injini ambayo mtu ameiongezea shinikizo la turbo ili iwapite wenzake kwenye taa za barabarani, tena kwa mkono wa fundi aliyejifunza kwa kubahatisha, haina tena kinga hiyo. Pistoni hupasuka kwenye vishikizo vya ringi. Kinachofuata ni moshi wa buluu, kisha oili inayopungua kila wiki, kisha tangazo la kuuza lisemalo kwamba mwenye gari anasafiri ng'ambo.

Kwa hiyo bei ya chini ya gari kama hili tunaiona kuwa ni deni. Mwenye gari wa kwanza alikopa kwa kutobadilisha oili. Wa pili akakopa kwa kuacha mkanda. Wa tatu akakopa kwa kufunga tairi mbili mpya na mbili kuukuu. Deni hilo halikulipwa na yeyote kati yao. Limeandikwa katika vyuma, nalo huhamishwa pamoja na kitabu cha gari.

Tupige hesabu, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Tuseme yapo magari mawili ya umri mmoja, moja linaitiwa shilingi 900,000 na jingine 500,000. Kijana huona kwamba ameokoa 400,000. Katika mwaka wa kwanza anahitaji mkanda, pampu ya maji na kazi yake, shilingi 45,000. Klachi, kwa kuwa imechomwa na waliotangulia, 60,000. Tairi nne, 60,000. Shokabsoba nne, 60,000. Diski na pedi za breki, 40,000. Hapo ni 265,000, wala hatujafungua injini. Turbo ikianza kutoa oili, 70,000. Injini ikinoki, apate nyingine ya mtumba na kuifunga, 250,000. Jumla yake ni 585,000, ambayo ukijumlisha na bei ya kununulia unapata 1,085,000. Amelipa 185,000 zaidi ya yule aliyenunua gari zuri, na gari lake limekaa gerejini miezi minne huku yeye akipanda matatu. Isitoshe, injini aliyoifunga ni ya mtumba ambayo hakuna ajuaye ilitoka katika ajali gani, na nambari yake haina budi kusahihishwa katika usajili, la sivyo siku atakapotaka kuuza atapata taabu kuthibitisha kwamba gari ni lake.

Tumesikia hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kupuuzwa. Wasemao hayo husema kwamba gari la bei ya juu nalo huharibika, kwamba uzuri wake huenda ni wa kupakwa, na kwamba anayenunua bovu walau anajua kuwa ni bovu, akalitengeneza kwa vipuri vipya anavyovijua mwenyewe. Wengine hutukumbusha habari za marehemu Joginder Singh. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumika kabla ya kufika mikononi mwao, nao wakayaacha nyuma magari yaliyotoka viwandani na mafundi wake. Ni kweli, na ni habari ya kujivunia. Lakini Joginder Singh alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Alikulia katika gereji ya baba yake akishika spana, na gari lile walilitayarisha wenyewe kwa ujuzi ambao hauuzwi dukani. Kwa mtu wa namna hiyo, mwenye mikono, mahali pa kufanyia kazi, vifaa, na gari jingine la kumpeleka kazini wakati hili limefunguliwa, gari la bei ya chini lenye bodi nzuri laweza kuwa biashara ya busara. Wanaotuandikia si watu wa namna hiyo. Ni makarani, walimu, wauguzi na wafanyabiashara wadogo ambao gari hilo ndilo gari lao la pekee, na ambao wakisema watalitengeneza wana maana kwamba watampa fedha mtu mwingine alitengeneze.

Gari lililo katika hali njema ni lipi basi? Hapa watu wetu hudanganywa na maji na sabuni. Kuna mafundi wa kuosha hapa mjini wanaoweza kuifanya injini iliyokuwa ikivuja oili jana ing'ae leo kama sufuria ya harusi, na sisi tungeiogopa injini iliyooshwa mno kuliko yenye vumbi la kawaida. Hali njema huonekana kwanza katika karatasi: risiti za oili zenye tarehe na kilometa, risiti ya mkanda, jina la gereji ambayo mtu anaweza kuiendea akauliza. Mwenye gari aliyelitunza kwa haki huwa nazo, na huzitoa kabla ya kuombwa, kwa sababu kizuri chajiuza. Asiyekuwa na hata risiti moja kwa miaka mitano huenda ni mtu mwema asiyehifadhi karatasi. Lakini bei yake ihesabiwe kana kwamba hakuna kilichofanywa.

Halafu gari lionwe likiwa baridi. Mwambie muuzaji kabisa kwamba asiliwashe asubuhi hiyo mpaka ufike, na ukifika weka mkono juu ya boneti. Likiwa na joto, uliza kwa nini. Injini iliyoanza kufa husema ukweli katika dakika ya kwanza ya asubuhi, na ikishapata moto hujua kunyamaza. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma, pamoja na mapovu katika chupa ya maji ya rejeta, ni gasketi au jambo baya zaidi. Mlio mzito wa kugonga unaoongezeka unapokanyaga mafuta si jambo la kuelezwa ukaridhika. Ni jambo la kukufanya uage na kwenda zako. Hata kama vyote hivyo havipo, fundi wako mwenyewe apime mgandamizo wa silinda zote nne. Kazi hiyo huchukua muda mfupi na gharama yake ni ndogo kuliko tairi moja. Tukisema fundi wako mwenyewe, tuna maana ya fundi asiyemjua muuzaji na asiyetarajia bakshishi yake.

Tairi pia husema mengi. Gari hili huvuta kwa magurudumu yote manne, na lilijengwa likitarajia tairi nne za ukubwa mmoja na zilizolika sawasawa. Zikitofautiana, magurudumu hayazunguki kwa kasi moja, na difu ya kati husagika polepole. Kila tairi ina tarakimu nne ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona gari la kasi lina tairi za aina tatu, moja ikiwa na umri wa miaka kumi, usiulize tena habari za oili. Mtu aliyefanya hivyo kwa kitu kinachoonekana na kila mpita njia, amefanya nini kwa vitu vilivyofichwa ndani ya injini?

Kwa wale wenye uwezo wa kununua gari lililoshuka kutoka Japani moja kwa moja, ushauri wetu ni mfupi. Magari mengi ya huko hupitia mnadani, na kila moja huwa na karatasi ya mkaguzi yenye daraja lake na alama za kila mkwaruzo. Gari lenye daraja la 4 au 4.5 kwa kawaida ni zuri. Lenye herufi R au RA limewahi kutengenezwa baada ya kuumia. Gari lenye R huenda likafaa kwa bei yake, lakini ni haki ya mnunuzi kuambiwa. Aidha, Japani ina ukaguzi wa lazima, wa kwanza baada ya miaka mitatu na kisha kila miaka miwili, ambao huacha kumbukumbu. Mita inayosomeka pungufu ya kumbukumbu hiyo imerudishwa nyuma, hapa au njiani. Muuzaji akikuambia kwamba karatasi ya mnada ilipotea bandarini, fahamu kwamba karatasi za namna hiyo zina desturi ya kupotea zinapokuwa na habari mbaya.

Habari za kitabu cha gari hatutazirefusha. Nambari ya chasisi ilingane na iliyoandikwa, mwenye jina ndiye awe muuzaji, na utafutaji ufanywe katika kumbukumbu za NTSA kabla ya senti moja kutoka mfukoni, kwani magari mengi ya kasi yamewekwa rehani na wenye nayo huyauza mkopo ukiwa haujaisha.

Tunarudi kwenye jambo lililo zito kuliko fedha. Gari la bei ya chini ambalo injini yake ni mbovu litamtia mtu hasara. Gari la bei ya chini ambalo injini yake ni nzima na breki zake ni mbovu litamwua. Na ndivyo yalivyo mengi, kwa sababu kijana mwenye fedha kidogo hutanguliza kile kinachosikika. Hununua bomba la moshi lenye kishindo kabla ya pedi za breki, na wakazi wa Nyali na Bamburi wanajua tunachokisema, maana mlio wake kama bastola huwaamsha saa nane za usiku. Sheria yetu imeweka kilometa 50 kwa saa ndani ya miji, na haimruhusu mwenye gari dogo kupita 110 popote pale. Gari hili hupita kiasi hicho bila ya dereva kuhisi. Lilipotengenezwa, breki, shokabsoba, tairi na injini vilipimwa pamoja ili kimoja kisikizidi kingine. Baada ya miaka ishirini ya matengenezo nusu nusu, kilichobaki na nguvu yake ya zamani ni injini peke yake, na dereva anayeikanyaga hulipa imani gari ambalo halipo tena. Pale Mazeras na Mariakani malori yanapanda polepole, kona hazionyeshi kilicho mbele, na anayelipia kosa hilo mara nyingi ni abiria wa matatu iliyokuwa ikija upande wa pili.

Yule ambaye mfuko wake haufiki gari zuri la aina hii hatumwambii akae bila gari. Impreza hiyo hiyo ilitengenezwa pia bila turbo, ikiwa na injini ya lita 1.5 au 2.0. Ina umbo lile lile na inakaa barabarani vizuri vile vile, vipuri vyake hupatikana kwa urahisi zaidi, na hailazimishi petroli ya bei kubwa. Kwa fedha zinazonunua WRX iliyochoka mtu hupata hiyo ikiwa katika hali ya kuheshimika, na makampuni ya bima, ambayo mengi husita kulipa bima kamili gari la kasi la umri mkubwa, humtazama kwa jicho la upole. Vijana watasema kwamba haina sauti. Ni kweli, haina. Aliyependa boga apende na ua lake: asiyeweza kulipia oili nzuri kila kilometa 5,000, tairi nne kwa mpigo na fundi anayejua kazi, hajawa tayari kwa gari la turbo hata akipewa bure na mjomba wake.

Wauzaji nao wana sehemu yao, na hatutaki kuwaacha wakijificha nyuma ya msemo kwamba mnunuzi ana macho. Yapo mambo mawili ambayo wenye yadi wa mji huu wanaweza kuyafanya bila ya kungoja sheria mpya. La kwanza ni kubandika kwenye kioo cha kila gari karatasi inayoonyesha kilometa zilizothibitishwa, au inayokiri kwamba hazikuthibitishwa. La pili ni kumruhusu mnunuzi alete fundi wake, apime mgandamizo na kulitia gari kwenye jeki, badala ya kumharakisha kwa hadithi ya mteja mwingine aliye njiani na fedha taslimu. Wako wenye yadi wanaofanya hivyo tayari, na tunawapongeza. Kwa upande wa serikali, matatu na malori hutakiwa kukaguliwa kila mwaka, ilhali gari la mtu binafsi mara nyingi hukaguliwa kwa mara ya mwisho siku lilipoingia nchini. Tungependa kuona walau ukaguzi wa breki, tairi na usukani kila gari linapobadilisha mwenyewe. Wizara husika ikiona kwamba magari yote ni mengi mno kwa wakaguzi iliyo nao, ianze na haya ya turbo.

Na wale ambao wamekwisha kununua la bei ya chini, na ambao huenda wanasoma maneno haya gari likiwa limesimama nje, wafanye yafuatayo kabla ya mwisho wa mwezi. Wabadilishe oili na kichujio chake, na wajizoeze kuipima kila wanapotia petroli. Mkanda usiojulikana umri wake wauhesabu kuwa umeisha. Wafungue magurudumu manne watazame pedi na diski kwa macho yao wenyewe. Kama kuna mtu aliyeongeza shinikizo la turbo, lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani, na kila baada ya mwendo mrefu waiache injini ipumue dakika moja mbili kabla ya kuizima. Bomba la moshi linaweza kungoja hadi mwakani.